Mchanga wa Chini

Mhandisi wetu alikuwa mwoga. Nalisema mapema ili asije mtu akadhani namficha, maana yeye mwenyewe hakuwahi kuuficha woga wake. Alikuwa mama mtu mzima, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi nyuma ya shingo, na akifika mbele ya kiti alikitikisa kwanza kabla hajakikalia. Radi ikianza kunguruma upande wa ziwani alizima taa, akachomoa nyaya zote, akakaa katikati ya chumba mikono mapajani. Mwanza ilimtesa sana, kwa kuwa ni mji wa mawe yaliyopandana, na nyumba za watu zimejibanza chini ya majabali. Yeye alipanga Mkolani, mahali ambapo hakuna jiwe juu ya paa, ingawa palikuwa mbali na kazini.

"Lakini mama, jiwe lile limekaa hapo tangu enzi za mababu," tulikuwa tukimtania.

"Ndiyo," anajibu. "Na halijamwambia mtu litakaa mpaka lini."

Kutoka getini hadi kituo cha mabasi, na kutoka kituoni hadi kwake, alipanda baiskeli ya abiria, na hapo ndipo tulipokuwa tunakufa kwa kicheko. Alikaa nyuma ya kijana wa baiskeli amefumba macho na kuimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya juu kabisa, tangu anapanda hadi anashuka. Majirani walipika chai ya jioni kwa kusikia wimbo wake unakuja. Mtu huyohuyo lakini, siku mota ya feni ya kutoa moshi ilipokwama juu ya paa la kiwanda, alipandisha sketi kidogo, akapanda ngazi ya chuma hadi juu, akaifungua mwenyewe. Aliposhuka jasho lilikuwa limelowesha blauzi yote. Nikamuuliza kwa nini hakutuma mtu. Akasema angebaki chini akiogopa kwa niaba yake, na hilo lingemchosha zaidi.

Alikuwa na msemo wake juu ya jambo hilo. "Hofu ni mgeni," alisema. "Mpe kiti umsikilize. Ila usimpe kitanda." Na tukizidisha utani alitukumbusha ule wa wahenga, kwamba kwa mwoga huenda kicheko, na kwa shujaa huenda kilio. Tuliuchukulia kuwa ni msemo wa kujitetea tu.

Nilifanya naye kazi katika kiwanda cha kukamua mafuta ya mbegu za pamba, pale ufukweni, miaka ile mashirika ya umma yalipoanza kuuzwa moja baada ya jingine. Mimi nilikuwa mtu wa tanuru. Inafaa nilieleze tanuru lenyewe, maana bila hilo mama huyu hawezi kueleweka. Kilikuwa chumba cha chuma, na ndani yake hamna wavu wa kuwekea kuni kama matanuru ya zamani. Mna mchanga. Chini ya mchanga kuna bamba la chuma lililotobolewa matundu madogo, na chini ya bamba feni kubwa inasukuma upepo kwenda juu. Upepo ukitosha, mchanga unaanza kutokota. Ni mchanga mkavu uleule, lakini unainuka, unapasua mapovu, unajipindua, na ukitumbukiza fimbo inazama yenyewe kama kwenye uji. Tuliuwasha mpaka uwe mwekundu, kisha tukamwagia maganda ya mbegu za pamba na pumba za mpunga kupitia mlango mdogo uliokuwa usawa wa kifua. Yaliungua papo hapo, maji ya kwenye mabomba yakawa mvuke, na mvuke ukaendesha kiwanda. Kwa jinsi kilivyotokota tulikiita Chungu.

Aliyesimama mbele ya ule mlango mdogo, koleo mkononi, alikuwa mimi. Nikichoka alisimama Masalu, mwenzangu wa zamu, mtu wa utani mwingi na pande la mwili.

Kila asubuhi Mama Mhandisi alikuja kwetu kabla hajaenda ofisini kwake. Tunamwamkia shikamoo, anaitikia marahaba huku tayari ameshaweka kiganja kwenye ukuta wa chuma, upande wa chini, pale ambapo joto halikuwa kali. Anatulia. Anainama, anasikiliza. Masalu humwuliza, "Mama, kimeamka salama?" Naye hujibu kwa uzito uleule kila siku, "Kinapumua." Hapo ndipo hutabasamu, na siku yake huanza.

Alichokiogopa zaidi katika Chungu hakikuwa moto. Alikuwa akiogopa punje za mchanga kutolingana. Kwa amri yake, kila mchanga ulioingia kiwandani ulipita kwanza mikononi mwa kina mama waliokaa kivulini na machekecheke, wakitoa vumbi kwa chekecheke moja na kokoto kwa jingine. Mchanga uliobaki ulikuwa wa punje zinazofanana kabisa. Sisi tuliona ni ushamba wa kisomi. Mchanga ni mchanga.

Kisha kikaja kipindi cha kupunguzwa. Mnunuzi alikuwa amepatikana, au alikuwa karibu kupatikana, na meneja mpya aliletwa kukiandaa kiwanda kiuzike. Sitamsema vibaya mtu yule. Alikuwa mpole, akisalimia hadi wafagizi, na nina hakika aliamini anatuokoa. Wa kwanza kupunguzwa walikuwa wale kina mama wa machekecheke. Mchanga ukaanza kuletwa na lori kutoka shimoni chini ya kilima, ukiwa na chembechembe za mawe ya kule, nyingine kubwa kama punje za mahindi. Halafu, kwa kuwa umeme ulikuwa ghali na wa mgao, ikatolewa amri feni ipunguzwe nguvu ilimradi mchanga uendelee kutokota.

Mama Mhandisi aliposikia hayo mawili kwa siku moja alikosa usingizi, akatuambia hivyo asubuhi yake, macho mekundu. Alimfuata meneja. Meneja akafanya jambo la maana, au tuseme jambo ambalo hata mimi ningelifanya: alisubiri Chungu kipoe siku ya usafi, akaja na tochi, akaufungua mlango mdogo, akatuita sote tuchungulie. Mchanga wa juu ulikuwa laini kama unga. Akauchota kwa kiganja akaupitisha mbele ya miwani ya mama.

"Haya, mama yangu. Kokoto ziko wapi?"

Tukacheka. Maana kila mtu aliyelelewa na mama anayepeta mchele anajua mambo haya. Tikisa debe la mahindi, chenga zinazama na punje nzima zinapanda. Tikisa ndoo ya dagaa, samaki wakubwa kama furu wanajitokeza juu. Kikubwa hupanda na kidogo huzama, ndivyo ungo ulivyotufundisha. Kwa hiyo kama Chungu kingekuwa na kokoto, zingeelea hapo juu, na sisi tungezikwangua kwa reki tukazitupa.

"Hata mke wangu anajua hilo, na hajasoma Ulaya," alisema Masalu.

Mama hakucheka wala hakukasirika. Alichungulia tena mle ndani kwa muda mrefu. Alipogeuka uso ulikuwa umembadilika rangi.

"Juu kusafi kabisa?"

"Kusafi, mama."

"Basi zote ziko chini," akasema.

Ndipo ilipoanza ile kazi yake ya Jumamosi. Kiwanda kilikuwa na kompyuta moja tu, ya uhasibu, iliyofunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya nyumbani kwa watu. Alimbembeleza mhasibu, akampelekea na samaki wawili wanono, sato, akaruhusiwa kuitumia baada ya saa za kazi. Nilimpita pale dirishani nikamwona ameinama, pua karibu iguse kioo, anaandika kwa vidole viwili. Nilidhani anaandika barua ya kuomba kazi kwingine. Watu wengi wakati ule walikuwa wanaandika barua za namna hiyo.

Kumbe alikuwa anatengeneza Chungu kingine ndani ya mashine. Alinieleza siku niliyompelekea chai, na alipokuwa anaeleza woga ulimtoka kidogo, akawa mwalimu. Alisema kompyuta haijui mchanga, inajua hesabu tu. Kwa hiyo yeye anaifundisha punje moja. Punje hiyo inaulizwa: uzito unakuvuta kiasi gani? Upepo unakusukuma kiasi gani? Nani amekugonga, na kutokea upande gani? Ikishajibu, inasogezwa kidogo sana, kidogo kuliko unene wa unywele. Halafu anaulizwa jirani yake, na jirani wa jirani, mpaka wote wamalizike, kisha inarudiwa tangu mwanzo. Punje ndogo alizichora nukta na kubwa akazichora viduara. Jumamosi nzima ya mashine kunguruma ilitoa kitu ambacho Chungu chenyewe kinakifanya kabla hujapepesa macho. Na umeme ukikatika katikati, anaanza upya. Nilimwona akianza upya mara nyingi, anafuta miwani kwa upindo wa kitenge, anaguna, anaanza.

"Mama, na ikikupa jibu, utaliamini?"

"Sitaliamini," akasema. "Punje zangu ni chache, zote za mviringo, na nimezibana kwenye chumba chembamba kama picha ukutani. Mle ndani ya Chungu mna punje nyingi kuliko watu wa dunia hii. Huenda ninaota tu, mwanangu. Ndiyo maana lazima nimuulize na mchanga mwenyewe."

Akamuuliza. Alichukua vioo viwili vya dirisha, akavibananisha kwa mbao kuacha nafasi nyembamba katikati, chini akatia kitambaa kizito na bomba la upepo wa kompresa. Zile kokoto alizichovya kwenye bluu ya kufulia, akazianika, akazichanganya na mchanga laini. Alituita watu wa tanuru wakati wa chakula cha mchana. Kwanza alikitikisa kile kisanduku kwa mikono, kama anavyotikiswa mtoto anayelia. Bluu ikapanda juu polepole. Masalu, aliyekuwa anatafuna muwa, akasema, "Si nilisema?"

"Ulisema kweli," mama akamjibu. "Ukitikisa, vidogo vinapenya chini ya vikubwa, vikubwa vinanyanyuliwa. Ungo hausemi uongo. Ila niambieni, nani anakitikisa Chungu?"

Hakuna anayekitikisa. Kimesimikwa kwenye zege.

Akafungua upepo, kidogo tu, kama feni yetu ya siku zile. Mchanga ukaanza kutokota, na mbele ya macho yetu bluu ikaanza kushuka. Kila povu lilipopita, mchanga laini ulibebwa juu nalo, na zile kokoto, kwa uzito wake, ziliteremka kwenye nafasi lililoiacha. Hazikuwa na haraka. Baada ya muda mfupi juu pakawa pasafi, laini kama unga, na chini kabisa, juu ya kitambaa, pakawa na mkeka wa bluu ambao haukusogea hata kidogo. Masalu aliacha kutafuna.

Kisha akatupeleka kwa mhasibu tukaone kile ambacho kioo hakikuweza kuonyesha, yaani tunakoelekea. Tulisimama nyuma yake tukinuka moshi, na kwenye kioo cheusi cha kompyuta zile nukta za kijani zikaanza kucheza. Alikuwa ameiwekea mashine upepo mkali kwanza: nukta na viduara vikachanganyika, vikazunguka pamoja. Akaweka upepo mdogo. Viduara vikashuka, vikalala. Akaendelea, viduara vikaongezeka, kama lori letu lilivyokuwa likiongeza. Hapo nikaona jambo ambalo mpaka leo nikifumba macho naliona. Juu palikuwa bado panatokota. Nukta zote zilirukaruka kwa furaha, na mtu akichungulia mlangoni angesema mambo ni mazuri. Chini palikuwa pamekufa. Upepo ulikuwa umejitafutia upenyo mmoja ukutani na kupita huko, na kwingine kote viduara vimelala juu ya matundu kimya.

"Ganda la mbegu likifika huku chini haliungui vizuri," alisema, sauti yake ndogo. "Linafukuta. Gesi yake inajikusanya. Na viduara vitashikana kwa joto viwe bonge. Siku umeme utakaporudi kwa nguvu, feni ikasukuma ghafla, hili bonge litapasuka kwa mpigo mmoja. Moto utatafuta pa kutokea."

"Pa kutokea ni wapi?" Masalu akauliza.

Mlango ulikuwa mmoja, na wote wakageuka kunitazama mimi. Nilikuwa na watoto wawili wadogo. Nasema bila haya kwamba nilitoka nje nikakaa kwenye jiwe, na ziwa lote mbele yangu likawa halina rangi.

Nilikuwepo alipokwenda tena kwa meneja, kwa sababu aliniomba nimsindikize. Alimwogopa meneja kuliko radi. Alisimama mbele ya meza kama mwanafunzi, akaomba kitu kimoja: Chungu kizimwe, mchanga wote utolewe hadi kwenye bamba, uingizwe uliochekechwa.

Meneja alimsikiliza hadi mwisho. "Mama, wiki hii wageni wanakuja kukagua. Nikizima tanuru watakuta kiwanda kimekufa. Wakiondoka, hawa wote wanarudi nyumbani, na wewe ukiwemo, na mimi. Nieleze jambo moja tu. Una hakika litalipuka?"

Nilimwomba Mungu mama aseme ndiyo. Neno moja tu. Mtu mwingine yeyote angelisema.

"Sina hakika," akasema mama. "Nina hofu."

"Kompyuta inasema ni lini?"

"Haisemi lini."

"Basi tuisubiri iseme," meneja akasema, kwa upole kabisa, akamfungulia mlango.

Nilimkasirikia mama yule njia nzima ya kurudi. Nilimwambia ungedanganya kidogo tu, mama, ungetuokoa. Akasimama. Akasema akidanganya leo kwa jambo la kweli, kesho hatajua tena kipi ni hesabu na kipi ni woga wake, na kwa mtu mwoga kama yeye huko ndiko kuchanganyikiwa. Sikumwelewa. Nilikuwa nafikiria mlango.

Alichofanya baada ya hapo ni kile alichokuwa na uwezo nacho: alitufundisha kuogopa. Alichora mstari wa chaki sakafuni mbele ya mlango wa tanuru, ukizunguka eneo lote lililo mbele yake, linalopanuka hadi ukuta wa mbele. Akasema asikanyage mtu humo. Akamwambia mchomeaji wa kiwanda apinde mpini wa koleo ili mtu aweze kumwaga maganda akiwa amesimama ubavuni, mgongo ukutani. Meneja akaamuru ule mstari uoshwe, kwa kuwa wageni wangeuliza ni wa nini. Ukaoshwa. Kesho yake asubuhi, baada ya kugusa ukuta na kusikiliza, mama akapiga magoti akauchora tena. Ukaoshwa. Akauchora. Siku hizo hakusema tena "kinapumua." Aliinuka tu, akapangusa mikono, akaondoka.

Wageni walikuja, wakapita, wakapiga picha. Chungu kilitokota mbele yao vizuri tu.

Awamu iliyofuata ya kupunguzwa, jina lake lilikuwemo. Sababu iliyotajwa ni kuwatia wafanyakazi hofu, na kwa kweli hakusingiziwa. Alikuja kwetu jioni ile na mkoba wake, akachora mstari polepole kuliko siku zote, pembe kwa pembe. Kisha akanishika bega, mimi niliyekuwa nimemzidi urefu mara mbili.

"Mwanangu, kesho sipo. Usiache kuogopa."

"Nitaogopa, mama."

Akaondoka bila kuaga wengine. Tulimsikia akianza kuimba alipopanda baiskeli nje ya geti.

Mstari ulioshwa kesho yake, na hakuwepo wa kuuchora. Lakini ulikuwa umeshaingia miguuni. Hakuna aliyetulazimisha, na hata hivyo kila mtu wa zamu alijikuta anashika ule mpini uliopinda na kujibanza ubavuni. Masalu aliwahi kujisahau akasimama mbele, akashtuka mwenyewe, akaruka pembeni kama aliyekanyaga kaa la moto. Tukamcheka, naye akatucheka. Tulikuwa tumegeuka watu waoga kweli kweli, wanaume wazima tunaotembea kando kando ya ukuta wetu wenyewe kazini.

Asubuhi moja umeme ulirudi baada ya mgao. Feni ikanguruma kuliko kawaida. Mimi nilikuwa nimetia koleo la kwanza, mgongo wangu ukutani. Nilisikia Chungu kimekohoa, kikohozi kimoja kizito cha chini kwa chini, na sakafu ikanitikisa magoti. Kisha mlango mdogo ukatapika. Mchanga mwekundu ulitoka na moto, ukapita pale ambapo kifua changu kilikuwa kimesimama miaka yote, ukavuka sakafu, ukapiga ukuta wa mbele. Benchi letu likawaka. Ufagio ukawaka. Mlio ulipokwisha nilijipapasa uso, mikono, tumbo, nikakuta vyote vipo. Masalu alikuwa amekaa sakafuni upande wa pili wa mlango, pande lile la mtu, analia kwa sauti.

Tulipochimba baada ya kupoa, juu mchanga ulikuwa laini kama unga. Chini tulikuta kokoto zimeshikana na majivu kuwa bamba jingine, gumu kama zege, limeziba matundu. Meneja alikuja, akavua kofia yake, akatazama lile bonge. Nilimwonea huruma. Chungu hakikuwashwa tena. Mnunuzi alijitoa, na lango likafungwa kwa mnyororo.

Nilikwenda Mkolani kumweleza. Mwenye nyumba akasema mama yule amehama, amevuka maji kwenda kwa ndugu zake visiwani. Nikauliza amewezaje kupanda meli. Mwenye nyumba akacheka, akasema walimsikia akiimba toka gatini.

Miaka ikapita. Nikajifunza kuchomea, nikawa natengeneza mageti na madirisha. Siku moja nilipata kazi Ilemela, kwenye nyumba moja juu ya kilima, kupeleka dirisha. Mwenye nyumba, dada mmoja mchangamfu, akaniambia nipite uani. Uani kulikuwa na jabali kubwa kuliko nyumba yenyewe, limeegemea jingine, na chini yake kivuli. Kivulini alikaa bibi mwembamba kwenye kigoda, miwani ina uzi, anapeta mchele. Ungo ulikuwa unapanda na kushuka mikononi mwake taratibu.

Nililiangalia jiwe, nikamwangalia yeye, nikadhani nimemfananisha. Nikasogea.

"Shikamoo, Mama Mhandisi."

Ungo ukasimama. Alinyanyua uso, na mimi niliyedhani nimeshaona namna zote za kuogopa kwake, sikuwahi kuona hiyo. Hakuitikia. Macho yake yalinipita usoni, yakashuka mikononi, yakarudi usoni.

"Wewe si yule wa mlangoni?" alisema.

"Ni mimi, mama."

"Masalu?"

"Yupo Buzuruga. Ana duka la vipuri, amenenepa hawezi kufunga viatu."

"Na wengine. Niambie wengine."

"Wote wapo, mama. Hakuna aliyeungua hata nyusi."

Akaweka ungo chini, mchele ukamwagika kidogo, hakuuona. Ilibidi nipige magoti ili nimsikie. Alisema kule visiwani, sokoni, alimsikia muuza samaki akimwambia mwenzake kwamba lile tanuru la kiwanda cha mafuta Mwanza lilitapika moto. Basi, hivyo tu. Hakutaja watu, akaendelea kuparua samaki. "Na mimi sikumuuliza," alisema. "Niliogopa kuuliza. Nikirudi Mwanza sipiti njia ile. Nikimwona mtu wa kiwandani navuka barabara. Miaka yote hii ninawaombea kama marehemu." Nikamuuliza, ili tu nisilie, imekuwaje leo anakaa chini ya jabali. Akasema baada ya habari ile mawe hayakumsumbua tena. Yangeweza kuanguka yakitaka.

Kisha akanishika mkono wa shati.

"Ulisimama wapi?"

"Ubavuni, mama. Pale uliponiambia."

"Uliogopa?"

"Niliogopa sana. Mpaka leo naogopa. Hata nyumbani nikifunua sufuria jikoni nasimama kando, mke wangu ananicheka mpaka anakaa chini."

Akacheka na yeye, machozi yakimtoka, akavua miwani akaifuta kwa upindo wa kitenge. Alipoivaa akanyanyua macho juu, akaliona lile jabali lilivyotuinamia sote wawili. Akashtuka. Akanivuta mkono kwa nguvu ambazo sikujua anazo, akaacha kigoda, akaacha mchele, akanitoa hadi katikati ya ua, kwenye jua kali, ambako hakukuwa na kitu juu ya vichwa vyetu.

"Simama hapa," akasema. Kisha, akihema, akaikumbuka salamu yangu.

"Marahaba, mwanangu."